Ile ya Kando ya Jiwe

Mbuke aliandika nyuma ya kalenda ya duka la pembejeo,
kwa kalamu ya bluu iliyokuwa ikikata wino:
Masika yakiisha, usingoje majani yakulilie.
Kana zikate mpaka kwenye kifundo.
Dalia zichimbue, zilaze gizani, zisigusane.
Mawaridi nusu. Usiwe na huruma.

Mimi nilikuwa fundi wa injini za meli.
Najua kufungua boli iliyoliwa na kutu miaka ishirini.
Kukata kitu kinachochanua, sijui.

Lakini Juni imefika Isamilo.
Alfajiri kipupwe kinapanda kutoka ziwani,
kinapita kati ya mawe kama mgeni aliyesahau namba ya nyumba;
mchana jua linarudi na daftari lake la madeni.
Huku kwetu baridi haiui ua.
Ukavu ndio unaoua, polepole, kwa adabu,
kuanzia nchani.

Udongo wenyewe si wa hapa.
Tuliupandisha kwa viroba kutoka bonde la Mirongo,
miaka mitatu, yeye kichwani, mimi begani,
tukaumwaga kwenye nyufa,
majirani wakiuliza, kwa nini msipande mchicha?
Naye, bila kugeuka: Mchicha upo sokoni.

Nikaanza na kana. Kisu, kifundo, kisu, kifundo.
Maji yake yakanichuruzika hadi kiwikoni.
Mawaridi yaliyokuwa foleni nikayaambia,
mwenzenu akinyolewa, tieni maji,
kisha nikakumbuka zimebaki ndoo mbili
na bomba halitoki mpaka Alhamisi.
Nikayanyoa makavu.

Dalia nilizifukua kwa mikono,
viazi vya ua, vimenona, vina udongo kwenye mikunjo
kama shingo ya mtoto aliyekataa kuoga.
Nikazipanga kwenye kreti la soda, mchanga katikati,
chini ya kitanda, upande wake.
Usiku naweka sikio. Hazisemi kitu.

Blanketi nililifuata Kirumba, ufukweni:
magugu maji, toroli mbili,
yamekauka mpaka yanalia chakacha.
Kijana wa toroli, Malimi, akacheka njia nzima:
Mzee, gugu limeziba ziwa, nawe unalipandisha mlimani?
Sikuwa na pumzi ya kumjibu.
Nalo lina ua, la zambarau,
zuri, Mbuke nisamehe, kuliko yako mengi.
Hakuna aliyelipanda. Hakuna aliyeliandikia kalenda.
Leo limelala juu ya mizizi ya wanaobembelezwa,
limewafunika hadi shingoni.
Nikamlipa elfu tatu, akaniongezea fungu moja bure.

Umebaki mstari wa mwisho, wino umepauka,
nimeusoma kwa miwani na bila miwani:
Ile ya kando ya jiwe, usiiguse.

Ipi, Mbuke?
Hapa jiko liko kando ya jiwe.
Choo kiko kando ya jiwe.
Kitanda chetu, ukipima kwa haki, kiko juu ya jiwe,
na wewe mwenyewe tulikuzika tukigonga jiwe
mpaka Shija akaenda kuazima nyundo nyingine.
Nilisimama na mkasi hadi vidole vikafa ganzi.

Basi kila penye jiwe nimeacha.
Lililo kubwa kama basi, nimeacha.
Lililo dogo la kusugulia kisigino, nalo nimeliachia nafasi.
Bi Nyanzobe akachungulia juu ya ukuta:
Lutonja, mbona umenyoa nusu kichwa?
Nikamwonyesha kalenda. Akaisoma yote,
akafika chini, akanyamaza,
akarudi na ndoo yake ya maji ya kuoshea mchele.

Vuli ikija nitazunguka,
jiwe kwa jiwe, kama karani wa sensa,
kalenda mkononi,
nikiuliza kila shina:
ni wewe?